Barua ya wazi: Safari za watoto wetu wa ngoma ziingie kwenye bajeti

Kwa waheshimiwa magavana wa kaunti za Pwani, waheshimiwa wawakilishi wa wadi, na wakuu wa wizara zinazosimamia elimu na utamaduni.

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Naandika nikiwa mlezi wa kikundi cha ngoma cha wanafunzi wa shule ya kutwa huku bara ya Pwani, na naandika pamoja na wazazi wao. Wengi wetu ni wakulima wa mahindi na mihogo, wagema, wachoma makaa, waendesha bodaboda, na akina mama wanaouza mahamri na viazi karai kando ya barabara.

Nitaanza na ombi lenyewe, ili asiye na nafasi ya kusoma barua yote ajue tumekuja kwa jambo gani. Tunaomba safari za watoto waliofuzu kwenda tamasha la kitaifa ziwe na fungu lake katika bajeti ya kaunti. Fungu hilo lijulikane tangu mwanzo wa mwaka wa fedha, liombwe kwa fomu moja iliyo wazi kwa shule zote, na pesa zitoke kabla ya basi kuondoka. Hatuombi kuvuliwa mzigo wote. Tutachanga nusu yetu, kama tulivyozoea kuchanga. Tunachoomba ni kwamba nusu ya pili isitegemee huruma ya mtu.

Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927. Shule huanza kushindana katika kanda, kisha kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha Pwani nzima, na washindi huenda taifa, kwa kawaida wakati wa likizo ya Agosti. Tamasha la taifa huhama. Mwaka mmoja huwa karibu na wengine, mwaka mwingine karibu na wengine tena, na huo ni utaratibu mzuri. Lakini angalieni kinachotokea kwa shule ndogo inayoshinda. Ikishinda kanda, inahitaji nauli ya matatu mbili. Ikishinda kaunti, inahitaji kwenda mji mwingine wa Pwani na kulala huko. Ikishinda Pwani, sasa ni kuvuka nchi. Kila ushindi huja na gharama kubwa kuliko ule uliotangulia, na muda wa kuzitafuta pesa unazidi kuwa mfupi.

Kutoka Mombasa hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 800, na kwetu sisi hata kuifikia Mombasa ni safari. Magari ya wanafunzi hayaruhusiwi kutembea usiku. Sharti hilo tunaliunga mkono kwa moyo wote, maana nchi hii imezika wanafunzi wengi kwa ajali za barabarani. Ila maana yake ni kwamba mtoto wa Ganze au wa Kinango hawezi kufika kwa siku moja. Lazima alale njiani, mahali salama, wasichana peke yao na wavulana peke yao, walimu wakikesha mlangoni. Ale jioni, ale asubuhi, ndipo aendelee. Wakati wa kurudi ni vivyo hivyo. Malazi hayo yote ya njiani, shule iliyo saa mbili kutoka tamashani haiyahitaji hata kidogo. Majaji hutoa alama zilezile kwa wote, na ndivyo inavyopaswa, lakini mmoja amefika akiwa amelala kwao na mwingine amefika baada ya siku mbili barabarani, na kijiji chake kimekamuliwa mpaka senti ya mwisho.

Ongezeni hapo kukodi basi na dizeli yake, chakula cha siku zote za tamasha, ada ya kushiriki, hando (sketi za jadi) za wasichana, leso, njuga za miguuni, na kuwamba upya ngoma ambazo ngozi imelegea. Shule ya kutwa haina akiba ya kubeba haya. Serikali ilipanga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na Julai 2025 Waziri wa Fedha mwenyewe aliwaambia wabunge kwamba kinachowezekana ni takriban 16,900. Humo humo mna mishahara ya wapishi na walinzi, umeme, maji, vifaa vya maabara, ukarabati wa madarasa, na michezo ya mwaka mzima. Mwalimu mkuu akisema hana kitu, hadanganyi.

Basi tunachanga. Na hapa naomba mnivumilie niseme kwa kirefu, kwa sababu wengi wenu mnaijua michango ya harusi na ya matanga, lakini sidhani mmeuona mchango huu kwa karibu.

Usiku uleule matokeo yanapotangazwa, kundi la WhatsApp hufunguliwa. Mweka hazina huandika jina la kila aliyetoa na kiasi alichotoa, hata ikiwa ni shilingi hamsini, na orodha hiyo huwekwa upya kila jioni ili kila mtu aone imefika wapi. Vijana wa bodaboda pale stejini hupatana kutoa kila mmoja nauli ya abiria wake wa kwanza wa asubuhi. Chama cha akina mama hutoa sehemu ya pesa za mzunguko, na yule ambaye zamu yake ilikuwa imefika hukubali kungoja. Mgema asiye na pesa huleta nazi, zikauzwa siku ya soko. Imamu husema neno baada ya swala ya Ijumaa. Kanisani, Jumapili, kikapu hupita mara ya pili. Mabinti zetu wanaofanya kazi za nyumbani Saudia na Katari hutuma walichonacho, na mara nyingi ndio wa kwanza kabisa kutuma, pamoja na sauti iliyorekodiwa ya kuwaombea watoto dua. Watoto wenyewe hutoka na ngoma zao sokoni wakacheza, na watu wakawatuza. Mzee ambaye hana hata kiatu kizima humfikia mchezaji, akampachika noti ya mia kwenye kilemba, akarudi kuketi.

Nasema haya kwa fahari. Hakuna wakati ninapowapenda watu wa kwetu kuliko siku hizo.

Lakini mchango una kikomo chake, na kikomo hicho ni umaskini wetu. Agosti ndiyo hiyohiyo ambayo familia inatafuta pesa za muhula wa tatu. Mvua za masika zikiwa hazikutosha, na mara nyingi siku hizi hazitoshi, aliyechangia mwaka jana mwaka huu ndiye anayengoja chakula cha msaada. Msiba mkubwa ukitokea kijijini katikati ya mchango, pesa zote huelekea kwa marehemu, na hakuna awezaye kulaumu. Watoa ni walewale. Mwaka baada ya mwaka, majina ya orodhani ni yaleyale, na kiasi kinapungua.

Mchango usipotosha, kikundi hupunguzwa. Hili ndilo linalotuuma. Anayeachwa nyuma si yule asiyejua kucheza. Ni yule ambaye kwao hawakuweza kuleta sehemu yao, na mara nyingi ni mtoto anayelelewa na nyanya yake, au msichana ambaye wazazi wameona afadhali pesa zitumike kwa kaka yake. Ngoma zetu hazichezwi na mtu mmoja mmoja. Ngoma za namba na gonda zina safu, zina kuitikiana, zina anayeongoza na wanaopokea, na ukimtoa mmoja wale waliobaki hawajui mikono waielekeze wapi. Nimeona kikundi kilichoshinda Pwani kikipanda jukwaa la taifa kikiwa na mapengo, na majaji, ambao hawana njia ya kujua, wakiandika kwamba mpangilio wa wachezaji ulikuwa dhaifu.

Kuna viongozi watakaosema kwamba ndiyo maana ya harambee, na kwamba nchi hii ilijengwa hivyo. Ni kweli. Neno hilo liko kwenye nembo ya taifa, na shule nyingi za sekondari tulizo nazo zilianza kwa harambee katika miaka ya 1960 na 1970. Hata kabla ya uhuru, mwaka 1959, wanafunzi 81 walipopanda ndege kwenda kusoma Marekani kwa mpango wa Tom Mboya, huku nyumbani familia na majirani walikuwa wameandaa karamu za chai na ngoma ili kutafuta pesa za kuwatuma. Lakini kumbukeni jinsi mpango ule ulivyofanya kazi. Kijiji kilitoa sehemu yake, na upande wa pili wapo waliojitolea kulipia ndege. Hakuna aliyewaambia wazazi wa Nyanza au wa Kati wakodi ndege wenyewe. Harambee iliyojenga ilikuwa na pande mbili, na sisi tunaomba upande wa pili urudi.

Julai 2024 Rais alitangaza kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki tena katika harambee. Wengi wetu tuliliunga mkono tangazo hilo, kwa sababu harambee zilikuwa zimegeuka majukwaa ya kampeni, na mabunda ya noti yalikuwa yakipeperushwa bila mtu kujua yametoka wapi. Lakini mlango mmoja ulipofungwa, hakuna mwingine uliofunguliwa. Tukimwendea kiongozi, anatuambia amekatazwa. Tukimuuliza basi twende wapi, hana la kutuambia. Ofisi moja ya umma tuliyoiendea ilituambia tuandike barua. Tukaandika. Tukaambiwa turudi mwaka ujao wa fedha. Mwaka ulipofika, afisa alikuwa amehamishwa na barua haikupatikana.

Na bado wapo wanaotoa, kwa masharti yao. Huja usiku wa kuamkia safari, wakati ambapo basi halijalipiwa na wazazi wamekata tamaa, wakiwa na bahasha na fulana zenye jina lao. Wazazi hukubali, na siwalaumu. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne hapaswi kuvaa deni la siasa kifuani. Tunaomba wenye desturi hiyo waiache. Mkitaka kutupa kama wananchi, toeni kimya kimya kama anavyotoa mgema wetu, na jina lenu litaandikwa orodhani pamoja na la kila mtu.

Waheshimiwa, nyinyi mnawajua watoto hawa. Mgeni mkubwa akitua Malindi au Mombasa, hupokelewa kwa ngoma. Barabara ikifunguliwa, hospitali ikizinduliwa, sikukuu ya Mashujaa ikifika, huitwa watoto wa ngoma. Husimama juani tangu asubuhi wakingoja msafara, wakacheza dakika chache, wakapewa soda, wakarudi nyumbani. Hatujawahi kukataa wito huo, kwa sababu kupokea mgeni kwa ngoma ni heshima yetu na tunaipenda. Tunauliza tu: watoto wanaofaa kuiwakilisha kaunti mbele ya wageni, kwa nini wakipata nafasi ya kuiwakilisha mbele ya taifa wawe ni shauri la wazazi wao?

Kisheria jambo hili si hisani. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na inaitaka serikali iukuze kwa sanaa na sherehe za jadi. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo linazikabidhi kaunti jukumu la shughuli za utamaduni. Katika ngazi ya taifa upo Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, unaopata pesa zake kutokana na kodi za michezo ya kubahatisha. Sanaa imo katika jina lake. Tunaomba wizara itueleze, kwa lugha ambayo mzazi wa kijijini ataielewa, jinsi shule ya kutwa inavyoweza kuomba humo, fomu iko wapi, na jibu huja kwa muda gani.

Najua wapo wanaoona kwamba ngoma ni starehe tu, na kwamba mtoto angefaidika zaidi kubaki na vitabu vyake. Nimeyasikia hata kwa wazazi wenzangu. Naomba niwajibu kwa mambo tunayoyaona huku.

Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza kifudu, ngoma ya matanga. Watu walimfuata kwa sababu ya ngoma, na walipokusanyika akawaambia yaliyomleta: kodi ya Waingereza, na vijana waliotakiwa kwenda kufanya kazi za wakoloni. Hakukuwa na redio, hakukuwa na gazeti la kumfikisha kwa watu. Oktoba mwaka huo alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Kisii, na kwetu inasimuliwa kwamba alitoroka akarudi kwa miguu, pori kwa pori, mpaka nyumbani. Leo mtoto wa Kigiriama akipanda basi kwenda Nyanza kucheza ngoma za kwao, anapita nchi ileile ambayo bibi yake aliivuka akiwa mfungwa, na safari hii anakwenda kwa mwaliko. Hilo halifundishwi darasani likaingia moyoni namna hiyo.

Misitu yetu ya kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mwaka uliofuata, mila zinazoambatana na kaya zikaingizwa katika orodha nyingine ya UNESCO, ile ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Serikali yetu ndiyo iliyoomba. Mwaka 2014 isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega nayo ikaingia katika orodha hiyohiyo, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi, na kwamba pesa za vyombo na mavazi hazipatikani. Maneno hayo mngeweza kuyaandika kuhusu ngoma yoyote ya Pwani. Nimewaona watoto wetu wakisikia ngoma tatu za isukuti kwa mara ya kwanza, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala. Walisimama hawasemi. Kisha mpiga ngoma wetu mmoja akaenda kumuuliza mpigaji wao ngozi yake ni ya nini, na wakakaa hapo mpaka chakula kikaisha. Wawili hao bado wanapigiana simu. Kama tunataka vijana wa nchi hii wajuane kwa kitu kingine zaidi ya kura za makabila, kitu hicho kinapatikana pale, nyuma ya jukwaa.

Kuna jambo la tatu, na ni gumu kuliandika. Katika sehemu zetu wazee wanauawa kwa kushukiwa uchawi. Wapo wanaopaka nywele rangi ili mvi zisionekane. Ganze, huko Kaya Godoma, kuna kituo cha kuwahifadhi wazee waliokimbia vijiji vyao wakiogopa watoto wao wenyewe. Sidai kwamba ngoma itamaliza jambo hili. Lina mizizi katika ugomvi wa mashamba, katika umaskini na katika hofu. Lakini nimeona kinachotokea mazoezini. Kikundi cha ngoma hakiwezi kwenda popote bila mzee. Yeye ndiye anayejua wimbo wa kuingilia na wa kutokea, ndiye anayejua chapuo ijibu vipi ngoma kubwa, ndiye anayemwambia kijana kwamba hapo umekosea na kumwonyesha kwa mwili wake mwenyewe, magoti yakiuma. Watoto hugombania kumletea kiti na maji. Wakisafiri, humpigia simu kumwambia wamecheza vipi. Mzee aliye na wanafunzi arobaini ana watu arobaini watakaosimama mlangoni pake siku akija mtu na panga.

Na palepale ambapo zamani kifudu kilichezwa matangani, sasa kuna disko matanga. Huanzishwa kwa nia ya kuchangisha pesa za mazishi, na viongozi wengi kati yenu mmelipiga marufuku hadharani kwa sababu ya mimba za wasichana wa shule na madawa. Mlifanya vyema. Lakini kijana aliyekatazwa usiku wa disko anahitaji kuwa na pa kwenda jioni, na kitu cha kutazamia. Mazoezi ya ngoma tunayo kila jioni. Cha kutazamia ni safari. Kijana hujizuia na mengi kwa miezi mingi akijua kwamba Agosti atapanda basi. Safari ikivunjika dakika ya mwisho, mwaka unaofuata nusu yao hawarudi mazoezini, na mlezi hana uso wa kuwafuata.

Sasa niseme jinsi linavyoweza kufanyika, kwa sababu tumelifikiria.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Agosti ndiyo tamasha. Kila mtu ajua kwamba miezi hiyo ya mwanzo pesa za kaunti kutoka Nairobi huchelewa. Ndiyo maana fungu la kawaida la idara halitatosha. Pesa zitakuwapo kwenye karatasi na basi halitakuwapo barabarani. Tunapendekeza mfuko mdogo ulioundwa kwa sheria ya kaunti, ambao salio lake haliishi mwaka unapokwisha, ili za safari ya Agosti ziwe zimekwisha kuwekwa kabla ya Juni kumalizika. Kanuni iwe rahisi: shule ikileta barua ya kufuzu na hesabu ya gharama, ionyeshe kwamba jamii imechanga nusu, kaunti itoe nusu iliyobaki moja kwa moja kwa kampuni ya basi na kwa mahali pa kulala. Hatutaki pesa taslimu mikononi mwetu. Na kwa shule za wadi zilizo na ukame, nusu yetu ipunguzwe, maana huko hata nusu ni nyingi.

Mambo mengine hayahitaji pesa mpya. Vikundi kadhaa vya Pwani huenda tamasha lilelile, wiki ileile, na kila kimoja hukodi basi lake na kuhangaika peke yake. Agosti shule zimefungwa, na mabasi mengi yaliyonunuliwa kwa pesa za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, yameegeshwa. Afisa mmoja wa elimu mwenye simu na orodha angeweza kupanga msafara mmoja wa Pwani nzima, wenye muuguzi mmoja na askari mmoja, ulale katika shule moja ya bweni njiani ambayo mabweni yake ni matupu wakati huo. Peke yake hilo lingepunguza gharama kwa kiasi kikubwa, na watoto wangekuwa salama zaidi kuliko wanavyokuwa sasa katika basi la bei nafuu tulilolipata kwa kubembeleza.

Najua swali litakalofuata. Dawa hazitoshi zahanati, visima vimekauka, na sisi tunazungumza ngoma. Waheshimiwa, zahanati hizo ni zetu. Visima hivyo ndimo watoto hawa wanamochota maji kabla ya kuja mazoezini. Hatutaki shilingi moja itoke kwenye dawa. Tunaomba mtazame upande mwingine: ripoti za Mdhibiti wa Bajeti huonyesha kila baada ya miezi mitatu jinsi kila kaunti inavyotumia pesa kwa safari za maafisa, za ndani na za nje. Linganisheni kiasi hicho na gharama ya kukodi mabasi machache mara moja kwa mwaka. Sisi tumekwisha kulinganisha, na ndiyo maana tumepata ujasiri wa kuandika.

Kwa upande wetu tunaahidi haya. Orodha ya mchango wetu itakuwa wazi kwa yeyote anayetaka kuiona, kuanzia noti ya kwanza hadi risiti ya mwisho ya dizeli, na nakala itabandikwa ukutani kwa chifu. Hakuna mtoto atakayeachwa kwa sababu ya pesa za kwao. Wasichana watasafiri na walimu wa kike. Vikundi vyetu vitaendelea kuwapokea wageni wenu, na tukirudi kutoka taifa, tukiwa na kombe au bila kombe, tutazunguka shule za msingi za wadi kuwafundisha wadogo.

Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kila kaunti hutakiwa kufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kati ya tarehe hizo mbili mtatuita katika vikao vya maoni ya wananchi. Tutakuja, wazazi, wazee na wanafunzi, na hesabu zetu zikiwa zimeandikwa. Tunaomba kabla ya siku hiyo mtutajie afisa mmoja, kwa cheo chake na ofisi yake, atakayelipokea jambo hili, ili tumpelekee makadirio ya safari ijayo mapema.

Wenu katika kuwatumikia watoto hawa,

Mlezi wa kikundi cha ngoma cha wanafunzi, pamoja na wazazi na wazee wa kijiji